Mechi Yangu ya Mia

Jumatatu, 22 Desemba 2025

Nimenunua daftari jipya, la zamani limejaa. Nimepiga mistari kwa rula kurasa kumi za mwanzo. Tarehe, timu, mahali, matokeo, maelezo.

Hali yangu kwa leo. Umri: miaka thelathini na tisa, zimebaki siku tisa nitimize arobaini. Kazi: mtunza ghala la korosho, mwaka wa kumi na moja. Ndoa: bado. Mechi za Taifa Stars nilizoangalia tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho: tisini na saba.

Stars wanacheza mechi tatu za makundi kule Morocco. Tisini na nane, tisini na tisa, mia. Ya mia inaangukia siku moja kabla sijatimiza arobaini. Sikuipanga mimi. Imejipanga.

Suala la kiti. Banda letu la mpira hapa Magomeni, si ile ya Dar, lina mabenchi na kiti kimoja tu chenye mikono, mbele kabisa. Jafari, mpima mizani wa ghalani kwetu, amekikalia miaka mitatu eti kwa sababu ni mwenyekiti wa mashabiki. Tulikubaliana mbele za watu kwamba atakayetimiza mechi mia za Stars, kwa ushahidi, kiti ni chake. Jafari anadai naye ana tisini na saba. Hana daftari. Anasema zake ziko kichwani. Hicho kichwa nakifahamu, huwa kinanizibia goli la kushoto.

Suala la Warda. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake sokoni. Haongei sana, lakini akikuuliza jambo cherehani husimama. Barua yangu ya posa imepelekwa Mikindani kwa baba yake, Mzee Mohamedi, na mshenga wangu, Mjomba Nassoro. Wiki mbili sasa. Kimya.

Jumatano, 24 Desemba

Mambo mawili ya jana.

La kwanza, majibu! Mjomba alinifuata ghalani kwa miguu, kanzu imelowa jasho. Mzee Mohamedi atatupokea Jumanne ijayo. Tufike Alasiri, tuzungumze, tuswali Magharibi, tule, kisha atoe neno lake. Jumatano yake anasafiri kwenda Dar kutibiwa macho, na hatarudi mpaka Machi. Nilisema ndiyo kabla Mjomba hajafika kwenye macho.

La pili, Nigeria 2, Stars 1. Tulisawazisha, tukafurahi dakika mbili, wakafunga tena. Mechi ya tisini na nane. Jafari alisema tumefungwa kwa sababu mimi nilikuwa natabasamu tangu mwanzo na mpira hautaki hivyo.

Asubuhi hii nimefungua ukurasa wa mechi ya mia niandike tarehe mapema. Stars na Tunisia, Jumanne tarehe 30, saa moja kamili jioni.

Jumanne!

Nimeketi juu ya gunia dakika kumi na tano. Vibarua walidhani naumwa.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimealikwa kwa Filipo, dereva wa bajaji, mtu wa Songea. Yeye Mngoni, mimi Myao, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Nilipoingia tu alinivua kofia akaivaa, akawaambia wageni wake kwamba babu yangu alikamatwa na babu yake vitani akiwa amejificha ndani ya kapu la mtama, hivyo kofia ni ya ukoo wao. Kisha alihamisha nyama zote kutoka sahani yangu kwenda yake. Nilicheka. Ningefanya nini? Msiba, harusi, sikukuu, mtani ana ruhusa.

Kofia sijarudishiwa.

Ijumaa, 26 Desemba

Mpango wa kwanza umefanyika na umekwisha.

Nilimwomba Mjomba ampigie Mzee Mohamedi amwambie kwamba Jumanne ghalani tuna kazi ya kuhesabu magunia, je, tunaweza kwenda Jumatatu? Mjomba aliuliza kama ni kweli. Nilimwambia ghala halikosi magunia ya kuhesabu.

Mzee alijibu vizuri sana. Alisema anapenda kijana anayejali kazi. Jumatatu ana wageni wengine, basi tuonane Machi, inshallah.

Machi!

Mjomba alilazimika kupiga tena baada ya nusu saa kusema kuhesabu kumekwisha. Mzee aliuliza hilo ni ghala gani linalomaliza kuhesabu Ijumaa kazi ya Jumanne. Mjomba akakata simu akisingizia mtandao. Kisha aliniambia kwamba katika miaka sitini na saba hajawahi kumdanganya mtu mzima mwenzake mara mbili kabla ya kunywa chai.

Jumapili, 28 Desemba

Jana Uganda 1, Stars 1. Mechi ya tisini na tisa. Mwishoni kabisa Uganda walipata penalti wakapaisha. Banda zima liliruka, benchi moja limevunjika. Jafari alidai aliyeiokoa ni yeye, kwa kuwa alivua kiatu cha kushoto wakati mpigaji anarudi nyuma. Watu walimpongeza! Mtu mzima, na kiatu mkononi.

Hesabu yangu: pointi moja. Tukitoka sare na Tunisia tutakuwa na mbili, na huenda zikatosha kuvuka. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuona Stars wakivuka makundi ya Afcon. Na mimi niwe Mikindani nimekaa mkekani!

Mpango wa pili. Chakula kikiwahi, mazungumzo yanawahi. Nimemwandikia Warda ujumbe kwamba Mjomba ana kisukari na daktari ameagiza ale kabla ya saa kumi na mbili.

Amejibu kwamba wamesikia, tusitie shaka. Mjomba atapikiwa chake peke yake mapema, uji wa ulezi usio na sukari na mchicha usio na chumvi wala nazi. Sisi wengine tutakula wali na kuku baada ya Magharibi kama ilivyopangwa.

Mjomba hana kisukari. Mjomba anapenda kuku kuliko jamaa zake. Sijamwambia.

Jumatatu, 29 Desemba

Mpango wa tatu, na huu umekaa sawa.

Filipo ataingia nyumbani kwa Mzee Mohamedi saa kumi na mbili na dakika kumi. Atanishika mkono, atangaze kwamba mimi ni mateka wake wa tangu enzi za babu, anipakie kwenye bajaji, aseme nitakombolewa kesho. Hakuna atakayekasirika, maana mtani hakasirikiwi. Mjomba atabaki kusikiliza neno la Mzee kwa niaba yangu. Mimi saa moja niko Magomeni.

Leo tumefanya majaribio mara mbili, Mikindani mpaka bandani. Mara ya kwanza dakika ishirini na saba, ya pili ishirini na tano. Nimeandika zote.

Filipo aliniuliza kwa nini nisimwambie tu mzee wa watu kwamba siku hiyo kuna mpira. Nilimweleza kwamba mtu haendi ukweni na habari za mpira, ataonekana mtoto. Akasema sisi Wayao tangu zamani ukituonyesha mlango tunatafuta dirisha.

Nimefanya mazoezi ya uso wa kushtuka mbele ya kioo. Mzuri.

Jumatano, 31 Desemba

Leo nimetimiza arobaini. Naandika ya jana kwa mpangilio, ingawa mkono hautaki.

Saa kumi na nusu tulifika, mimi na Mjomba. Kanzu safi, shikamoo, marahaba. Mzee Mohamedi alitukaribisha mkekani, akaniuliza habari za magunia. Nikasema salama.

Saa kumi na moja na nusu walimletea Mjomba uji na mchicha. Peke yake. Mzee akamwambia kwa upole, kula mwenzangu, afya kwanza. Mjomba alitazama bakuli, akanitazama mimi, akanyanyua kijiko. Harufu ya kuku ilikuwa inatoka uani. Alikula, na kila kijiko alinitazama.

Saa kumi na mbili na dakika kumi kamili, Filipo mlangoni. Sina la kumlaumu kwa muda. Alipaza sauti kwamba mateka wake yuko wapi, Myao wa kapu la mtama, atoke mwenyewe kabla hajatolewa. Akanishika mkono. Nikashtuka kama kwenye kioo.

Mzee Mohamedi aliuliza huyu ni nani. Filipo akajibu ni Mngoni wa Songea, amekuja kuchukua mali yake. Mzee akainuka taratibu, na mimi nikajua amekasirika na mambo yanakwenda vizuri.

Hakukasirika! Bibi yake mzaa mama alikuwa Myao wa Masasi. Sikujua, kwa kuwa sikuuliza. Watani wake wote wa Kingoni walikwisha kufa au kuhamia Dar, na miaka sita sasa hajapata mtu wa kumtukana kwa raha. Alikwenda mlangoni akasukuma komeo mwenyewe. Akasema leo Mngoni hatoki humu, na safari hii atalishwa kwanza ndipo akimbie, maana vitani waliwahi kukimbia na njaa.

Filipo aliachia mkono wangu. Msaliti! Akavua viatu, akaketi katikati yetu, akajibu kwamba Wangoni hawakukimbia, walikuwa wanawaonyesha Wayao njia. Mzee akasema njia gani, wakati mlikuja kwa miguu kutoka kusini kote huko kwa sababu kila kijiji kiliwakataa? Filipo akasema walikataliwa kwa uzuri wao, wenyeji walihofia wake zao. Mzee alicheka mpaka akafuta macho yake mabovu kwa kofia. Kofia yenyewe Filipo akamnyang'anya.

Tukaswali. Filipo, ambaye ni Mkatoliki, alilinda viatu. Tuliporudi alikuwa amevaa vya Mjomba.

Saa moja kamili. Ng'ambo ya barabara kumbe nao wana banda la mpira. Nikasikia wimbo wa Taifa. Nikatoa simu chini ya goti nione kikosi, Filipo akaipokonya, akatangaza kwamba mateka hana simu, akamkabidhi Mzee. Mzee akaiweka chini ya mto wake akaulalia.

Wali ulikuja. Sikumbuki ladha. Kama saa mbili kasorobo ng'ambo waliguna wote kwa pamoja, mguno mrefu. Tumefungwa. Mzee alikuwa anaeleza habari za bibi yake. Kisha, zilipopita kama dakika ishirini na tano, ukelele! Vikombe viligongana. Niliruka nusu. Mzee akauliza kama nina haja. Nikasema ndiyo, kubwa.

Choo kiko uani, na ukuta wa uani unatazamana na mgongo wa banda. Niligeuza ndoo, nikapanda, nikanyoosha shingo. Niliona robo ya skrini na mgongo wa mtu mwenye jezi. Moja moja! Wakati huo Warda alitoka jikoni na sinia. Alisimama. Akaniita kwa jina, Asadi, unaona vizuri hapo? Nilisema tumesawazisha. Akaingia ndani na sinia lake.

Niliporudi mkekani, Mzee alisema sasa lile jambo lililotuleta. Akasema Mjomba hawezi kuulizwa kuhusu mpwa wake, atamsifia tu. Ila mtani husema asilosema ndugu. Akamgeukia Filipo. Haya Mngoni, tuambie huyu ni mtu wa namna gani.

Filipo aliniambia nisikasirike, akaanza. Alisema mwizi si mwizi, mlevi si mlevi, na hajawahi kuona mtu anayetunza vitu kama mimi. Kisha daftari. Kisha mechi ya mia. Kiti. Magunia ya Ijumaa. Majaribio ya bajaji, ishirini na saba na ishirini na tano. Kisukari. Alipotaja kisukari Mjomba alivuta sinia la kuku mbele yake akaanza kula kwa mikono miwili.

Ng'ambo waliguna, kona ya Tunisia nadhani. Mzee akasema, mwanangu, ungesema tu. Tungekaa saa tisa. Yeye mwenyewe mwaka 1980, Stars walipokwenda Lagos, alitoroka harusi ya kaka yake kwenda kusikiliza redio kwa jirani, na kaka hakumsemesha mpaka mfungo. Akacheka tena. Akasema kwa upande wake amekubali. Safari ya Dar ataisogeza mpaka Jumatatu. Binti naye atatoa neno lake mwenyewe Ijumaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona zaidi, hasa pale kwenye ndoo.

Akanirudishia simu. Nilivuka barabara mbio, kanzu mkononi. Nikaona dakika nne za mwisho. Moja moja. Stars wamevuka! Kwa mara ya kwanza katika historia, bila kushinda hata mechi moja. Watu walinikumbatia, nami nikalia kidogo.

Kanuni yangu, ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza, kwa mkono wangu: mechi huhesabiwa ikitazamwa tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Dakika nne si mechi. Bado tisini na tisa.

Jioni. Nyongeza. Jafari amekuja ghalani akijifanya ana pole. Aliomba kuona madaftari yangu, la zamani na jipya. Nikampa kwa fahari. Alikaa nayo saa nzima juu ya mizani. Kumbe kila mechi nimeandika kwenye maelezo nani alikuwapo. “Jafari alikuwapo, alizuia goli la kushoto.” “Jafari alikuwapo, kelele.” Tisini na tisa zote! Ya jana ana mashahidi sitini. Mia kamili, kwa ushahidi wangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu.

Kiti ni chake. Amesema naweza kukaa nyuma yake kama kawaida.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Warda aliniita sokoni saa nne. Alikuwa anashona sare za shule. Nilisimama. Alimaliza mkono mmoja wa shati, akaanza wa pili, mimi nimesimama.

Alisema amekubali.

Alisema nikahi iwe Jumapili hii, nyumbani Mikindani, baada ya Magharibi, watu wachache, kwa kuwa baba yake anaondoka Jumatatu alfajiri. Nikasema sawa. Kisha cherehani ikasimama. Akaniuliza Jumapili jioni nina jambo lolote?

Ratiba ninayo mfukoni tangu juzi. Stars na Morocco, raundi ya kumi na sita bora, Jumapili saa moja jioni.

Nikasema sina.

Akaniuliza tena, polepole, lolote? Nikasema hakuna hata moja, siku iko wazi kabisa. Alinitazama kama anayepima kitambaa. Akasema kama kuna jambo nimwambie yeye, kwa kinywa changu. Nisimtume Mjomba, nisitume ujumbe, nisitume mtu. Akasema alicheka ile Jumanne, na atacheka mara moja tu. Nikileta tena michezo ile, barua yangu ya posa nitarudishiwa nikiwa bado nimevaa kanzu, na asitafutwe tena.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Akarudi kwenye sare zake. Nilipofika kona nilikuwa nacheka peke yangu. Arobaini, na naoa!

Jumapili, 4 Januari

Saa nne asubuhi. Nimenyoa. Kanzu imepigwa pasi. Mjomba ameniambia atakuja, ila chakula chake atakiagiza mwenyewe.

Nimefikiri kwa utaratibu. Nikahi haizidi dakika ishirini. Ikifanyika baada ya Alasiri badala ya Magharibi, kila kitu kinakwisha saa kumi na moja, na mzee mwenyewe alisema angekubali hata saa tisa. Ni kumpigia Warda tu. Nilishika simu. Jina lake lilikuwa kwenye kioo, kidole kiko juu yake.

Lakini nimeulizwa mara mbili nikasema sina jambo. Nikisema sasa ninalo, nitaonekana mtu anayeficha mambo. Na bwana harusi kuanza kuhamisha saa siku yenyewe si heshima. Nimeweka simu.

Nimeipitia Jumanne yote tena na kosa nimeliona. Lilikuwa moja. Filipo aliingia kabla ya chakula, na Mngoni mwenye njaa ukimpa mkeka hainuki. Leo atakula kwanza kwake.

Amepita hapa saa tatu. Warda alisema nisitume mtu, na ahadi ni ahadi. Sijamtuma. Mtani hatumwi, mtani huja mwenyewe. Nimemtajia saa tu.